Stelingi Yumo Mfukoni

  

Jumapili iliyopita, saa kumi jioni, nilipita kwenye banda moja la video hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Jina lake silitaji. Mwenyewe hakunituma nimtangaze, na kwa hali niliyoikuta sidhani kama angependa. Saa kumi ya Jumapili, zamani, ungekuta vijana wamebanana mlangoni, watoto wanachungulia kwenye matundu ya turubai, na spika ya nje inanguruma mpaka mbuzi wa jirani wanahama. Safari hii nilimkuta mwenye banda peke yake, amekaa benchi la mbele, anatazama filamu. Ile runinga kubwa aliyoifunga kwa mnyororo isiibiwe ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitenge. Filamu alikuwa anaitazama kwenye simu, waya masikioni.

Nikamwambia, "Mzee, hata wewe?"

Akachomoa waya mmoja. "Sasa niwashe jenereta kwa ajili ya nani?"

Nikakaa naye. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa redio na siwezi kukaa kimya mbele ya benchi tupu, nikaanza kujiuliza watu wamekwenda wapi.

Swali lenyewe si letu peke yetu. Marekani na Kanada, mwaka 2002, ziliuzwa tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1.5. Mwaka 2023, mwaka wa Barbie na Oppenheimer, mwaka ulioshangiliwa kwamba sinema imefufuka, tiketi zilikuwa kama milioni 800 na kitu. Wenyewe wanalaumu bei, wanalaumu korona, wanalaumu Netflix. Ugomvi huo nawaachia. Hapa kwetu hakuna aliyeacha sinema kwa sababu bisi zimepanda bei. Wengi wetu hatujawahi hata kuingia kwenye jumba lenye viti vya kukunja na pazia kubwa. Sinema yetu ilikuwa banda: nguzo za mikaratusi, bati au turubai, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, runinga moja, jenereta nyuma. Waganda wanaliita kibanda. Watanzania, ambao hawakosi jina la kuchekesha, wanaliita kibanda umiza, na aliyewahi kukaa saa tatu kwenye benchi lile hahitaji kuelezwa kinachoumia ni nini.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana banda nalo lina wazazi wake.

Mwaka 1935 Waingereza walianzisha Tanganyika, kule Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika: kilimo, afya, hata jinsi ya kuweka akiba posta. Lori likabeba mashine ya kuonyeshea na umeme wake, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Sauti haikuwamo kwenye mkanda. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, kwa lugha mbalimbali za huko lori linakokwenda. Mradi ukafa mwaka 1937, na sidhani kama kuna mkulima aliyeulilia. Lakini angalieni jambo moja. Kwa mtu wa kijijini, sinema ilimfikia ikiwa mzigo wa vitu vitatu juu ya lori moja: umeme, picha, na sauti ya kumweleza kwa lugha yake kinachotendeka. Mzigo huo ushikeni vizuri, kwa sababu habari yote ya leo ni habari ya jinsi ulivyofunguliwa kamba.

Mijini yalijengwa majumba hasa, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Kampala kulikuwa na Norman, kulikuwa na Odeon, kulikuwa na Delite. Unguja walikuwa na Majestic na Cine Afrique. Kisha mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, na waliojua njia za kuleta filamu kutoka Bombay wakaondoka na njia zao. Norman ikaja kuwa kanisa katika miaka ya 1980, hilo linaloitwa Watoto. Kisha mkanda wa video ukaingia Afrika Mashariki yote na kuyamaliza majumba yaliyobaki. Kwa hiyo sisi tunaolililia banda tukumbuke kwamba banda lenyewe lilinenepa kwa nyama ya jumba.

Na lilinenepa kweli. Vita vya msituni vilipokwisha Uganda mwaka 1986, deki na mikanda vilienea, na Kampala ikamzaa mtu ambaye Hollywood haikumwota: VJ. Anashika kipaza sauti, filamu inakwenda, naye anaifasiri papo hapo kwa Kiganda. VJ Jingo, VJ Junior, majina hayo hapa Uganda yanajulikana kuliko ya mawaziri wengine. Kenya wana DJ Afro. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Rwanda filamu za namna hiyo wanaziita agasobanuye, maana yake iliyofafanuliwa, na huko jina lililotajwa sana lilikuwa la Yanga.

Kufasiri ni neno dogo kwa kazi ile. VJ anamjua stelingi kuliko mama yake mzazi. Anakuonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Anakwambia huyu bosi mwenye suti ni mchoyo kama mwenye nyumba wako. Pale ambapo wazungu wanatazamana dakika nzima bila kusema neno, yeye anawasemea, na maneno yake mara nyingi ni bora kuliko ambayo wangesema wenyewe. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa filamu yake ya Who Killed Captain Alex?, akiitengeneza kwa senti za mfukoni. Watu wa ng'ambo walioiona YouTube hawakuwa wameipendea bunduki za chuma chakavu peke yake. Walichekeshwa na sauti ya VJ Emmie inayopiga kelele juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Yaani dunia ilikuja kumjua VJ kupitia intaneti, wakati watu wanakaribia kuondoka kwenye benchi lake.

Sasa turudi nyumbani.

Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Ni mzee kuliko Uganda huru yenyewe. Leo kuna sisi Wakongo, kuna Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na wengine ambao ukiwauliza walitoka wapi wanakujibu kwa kunyamaza. Mimi nilipofika nikitokea upande wa Uvira sikujua neno moja la Kiganda. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa VJ. Na kwa kuwa filamu zenyewe zilikuwa za kuuana, nilijua kusema nja kukutta, nitakuua, kabla sijajua kusema webale, asante. Nikaenda Mbarara sokoni na hicho Kiganda changu cha vita, nikamwomba mama mmoja anipunguzie bei ya matoke. Akanitazama kwa muda, akaniuliza kwa Kinyankole neno ambalo sikulielewa, wenzake wakacheka. Baadaye nikaambiwa alikuwa anauliza kama nimetumwa na jeshi.

Mnacheka, lakini ndiyo shule niliyosoma. Na darasani humo sikuwa peke yangu. Benchi moja lingebeba Mbembe wa Fizi, Mrundi wa Makamba, kijana wa Kisomali aliyekimbia duka la mjomba wake kwa saa mbili, na Mhabeshi mmoja aliyekuwa hajui Kiganda, hajui Kiswahili, hajui Kifaransa, lakini alimjua Jean-Claude Van Damme. Aliyeelewa alicheka kwanza. Asiyeelewa alicheka kwa sababu jirani amecheka, kisha akamgusa bega: amesema nini? Naye akaelezwa kwa Kiswahili cha kuungaunga. Kiswahili kinachosikika leo kwenye vijia vya Nakivale, chenye Kibembe chake, Kirundi chake na Kiganda chake, sehemu yake kilipikwa mle gizani, na wapishi hawakujua kwamba wanapika.

Ndipo ule mzigo ukaanza kufunguliwa.

Umeme ndio uliotoka kwanza. Zamani banda lilikuwa na jenereta peke yake katika eneo lote. Watu walipeleka simu zao kuchajiwa na kubaki kutazama. Kisha zikaja sola za kulipia kidogo kidogo kila siku, na simu za tachi kwa mpango huo huo. Leo ukisimama kwenye kilima chochote hapa jua likipiga, vipande vya kioo vinakumulika usoni kutoka paa hadi paa. Mtu mwenye taa kwake halipi kiingilio kufuata taa.

Picha nayo ikashuka kutoka kwenye runinga ikaingia kwenye kadi ndogo kuliko ukucha. Nenda Mbarara, pita karibu na stendi ya teksi, shuka Kisenyi, ingia Nyamityobora. Utakuta kijana na kompyuta yake juu ya meza, nyuma yake ukuta umebandikwa orodha. Unampa memori kadi au flashi. Wengi hawaulizi hata jina la filamu, wanataja VJ. "Niwekee za Junior, mpya." Unalipa kidogo, kadi inajaa. Inapanda Probox, inarudi Nakivale, na jioni hiyo hiyo inanakiliwa kwenye simu ya shemeji, ya shemeji kwenda kwa rafiki, ya rafiki kwenda kijiji cha pili. Bei ya kiti kimoja kwa saa mbili inalisha mtaa mzima kwa wiki. Hesabu hiyo haihitaji aliyesoma chuo kikuu, ingawa hata wanafunzi wa chuo kikuu pale Mbarara wanaipiga hivyo hivyo, wao na kompyuta zao za mapajani.

Kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, na inachosema kuhusu biashara hii mnakijua. Na kuna Tume ya Mawasiliano ambayo tangu sheria ya mwaka 2013 ndiyo inayotoa leseni za kumbi na maktaba za filamu. Kijana mwenye kompyuta ana mguu mmoja mlangoni siku zote. Tuendelee.

Watu wanaosema intaneti ndiyo iliyoua banda hawajawahi kununua bando Nakivale. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 ikaiondoa, ikaweka asilimia 12 juu ya bei ya data. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, na anayeingia anaingia kwa mlango wa uani. Kutazama filamu nzima mtandaoni kwa hali hiyo ni anasa ya mtu mwenye mshahara. Sisi mtandao tunaula kwa vijiko. Kuna kijana mmoja alinisimulia filamu nzima ya Kikorea, kwa hisia, mpaka nikaona machozi yanamlengalenga. Nikamuuliza ameitazama wapi. TikTok, vipande vya dakika moja moja, zaidi ya arobaini. Kipande cha ishirini na tatu hakukipata, ndicho ambacho mama wa msichana alikufa. Akaniomba nikikiona nimtumie.

Lakini kitu cha tatu, ile sauti, ndicho kinachoniuma. Simu ilimpa kila mmoja sauti ya kwao. Wasomali wana filamu za Kihindi zilizotiwa Kisomali, na kazi hiyo wanaifanya kwa ustadi mkubwa. Wanyarwanda wana agasobanuye zao. Sisi wa Kivu tunapata za Kiswahili kutoka Nairobi na Dar es Salaam, na waliosoma wanapata za Kifaransa. Wahabeshi wana tamthilia zao za Kiamhari. Wanaopenda Kiganda cha VJ wapo bado, nao wanakipata kwenye kadi. Kila mmoja ameketi kwake, amechomeka waya, anasikiliza lugha ya mama yake. Ni nani atatoa shilingi mia tano akae gizani kusikiliza lugha asiyoijua, ili tu amguse Mhabeshi bega? Filamu tunazo nyingi kuliko wakati wowote. Jirani tusiyesikilizana naye ndiye tuliyempoteza, na hakuna aliyetangaza kwamba amepotea.

Nimetaja shilingi mia tano. Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu wataalamu wanaokuja na vitabu vyao wakiongea kuhusu teknolojia huwa wanaisahau sahani. Zamani siku ya mgao wa chakula ilikuwa siku ya filamu pia. Mwenye banda aliijua tarehe ile kuliko ofisi. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likapunguza mgao hadi asilimia 70. Februari 2021 hadi 60. Mwaka 2023 tukagawanywa kwa madaraja, wengine sehemu ndogo tu, wengine hakuna kabisa. Na Mei 2025 wakimbizi kama milioni moja Uganda nzima wakatolewa kwenye orodha ya msaada wa chakula. Shilingi mia tano ni chapati. Baba mwenye watoto sita akionekana anaingia kwenye banda la video siku hizi, majirani watamsema, na watakuwa na haki.

Korona nayo ilipiga hapo hapo. Mikusanyiko ilipigwa marufuku Machi 2020, na nafahamu banda moja ambalo mabenchi yake yaliishia jikoni, yakachemshia maharage. Na kabla ya korona, waliokuwapo wanaikumbuka tarehe 11 Julai 2010, watu 74 walipouawa kwa mabomu Kampala wakiwa wametulia kutazama fainali ya Kombe la Dunia. Baada ya usiku ule mtu alifikiri mara mbili kabla ya kubanana mbele ya runinga na watu asiowajua.

Sasa niwape la mama.

Nilipokuwa naandika mazungumzo haya nilimsomea jirani yangu mwanzo wake. Ni mama mtu mzima, anauza ngege wa Ziwa Nakivale, na mimi maandishi yangu humsomea yeye kwanza kwa sababu hanisifu. Nikasoma: watu wameacha kwenda sinema. Akaniinulia kisu cha samaki.

"Watu gani hao?"

Nikasema, watu, mama. Wa hapa.

"Sisi hatukuacha, mwanangu. Sisi hatukuanza."

Nikanyamaza, wasikilizaji, na mnajua hilo ni jambo gumu kwangu. Ni kweli. Katika benchi lile lote nililowachorea, Mbembe, Mrundi, Msomali, Mhabeshi, mmemsikia mwanamke? Sikumtaja kwa sababu hakuwepo. Msichana aliyeingia mle alitoka na jina jipya. Kulikuwa na giza, kulikuwa na mikono, kulikuwa na moshi wa bangi, na kulikuwa na njia ya kurudi nyumbani saa nne usiku. Mama wa samaki alilipitia banda lile miaka na miaka akiwa na beseni kichwani. Alilisikia kila siku, ndani hakuwahi kuona. Filamu yake ya kwanza kuitazama toka mwanzo hadi mwisho ilikuwa kwenye simu ya binti yake, akiwa anapara samaki, simu imeegemezwa kwenye sufuria. Anapenda za Bongo. Mwigizaji Steven Kanumba alifariki Aprili 2012, lakini kwa mama huyu ni mzima kabisa, na wiki iliyopita alimkosea mke wake vibaya sana. Wanatazama wanawake wanne, simu moja, bila waya wa masikioni, na wanamtukana Kanumba kwa Kiswahili, Kibembe na Kinyarwanda kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo pale niliposema tumempoteza jirani, wanaume wenzangu, tuseme sisi ndio tuliompoteza. Wao ndio kwanza wanampata.

Nimebakisha jambo moja, nalo ni mpira.

Mwenye banda hajafunga biashara. Ligi ya Uingereza inamlisha. Jumamosi, timu kubwa zikicheza, hupati pa kuweka mguu, na wanaolipa elfu moja kutazama mpira ni wale wale waliokataa kulipa mia tano kutazama filamu. Nilikuwa nadhani ni kwa sababu chaneli za mpira ni za kulipia na hazinakiliwi kwenye kadi. Ni kweli, hilo limo. Lakini wapo wenye njia zao za kuona bure kwenye simu, na bado wanakuja.

Nililielewa vizuri Januari na Februari 2024, Kombe la Mataifa ya Afrika lilipochezwa Côte d'Ivoire. Tarehe 28 Januari Congo yetu ilikwenda penalti na Misri. Wapigaji wakaisha mpaka zamu ikafika kwa makipa. Kipa wa Misri akagonga mwamba. Kipa wetu, Lionel Mpasi, akaweka mpira, akapiga, ukaingia. Sijui niwaeleze nini kuhusu banda lile. Niliinuliwa na mtu ambaye mpaka leo simjui jina. Nilipofika chini nilikuwa na kiatu kimoja.

Kisha nusu fainali, tarehe 7 Februari, Abidjan, na wenyeji. Siku zile mapigano yalikuwa yamefika Sake, kule Kivu, na kila aliyekuwa mle ndani alikuwa na mtu upande ule, au alikuwa amepoteza mtu upande ule. Wimbo wa taifa ukapigwa. Kamera ikapita mbele ya wachezaji wetu, mmoja baada ya mwingine: mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili vya mkono wa pili vimeelekezwa kwenye kichwa, kama bastola. Walikuwa wanaiambia dunia kwamba mashariki ya Congo watu wanauawa na hakuna anayesema.

Banda lilikuwa limejaa mpaka nje. Hakuna aliyepiga kelele. Hakukuwa na VJ, na hakuhitajika. Mwanamume mmoja mbele yangu alijiziba mdomo, akaweka vidole kichwani. Aliyekaa naye akafanya hivyo hivyo. Benchi lote. Na wa pembeni kabisa alikuwa Msomali, nilimjua kwa kuwa huuza sukari dukani pale mtaani kwetu; akatutazama, akaziba mdomo wake naye.

Tulifungwa moja bila, bao la Haller, kipindi cha pili. Tukarudi nyumbani.

Jumapili ile, kabla sijaondoka, mwenye banda alinionyesha ubao wake wa chaki. Juu ameandika mechi za wiki na saa zake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ameandika: baada ya mechi filamu, bure. Nikamuuliza kama watu hubaki. Akasema wawili, watatu, wakati wa mvua. Wengine wote, filimbi ya mwisho ikishalia, wanainuka, wanatoa simu mfukoni, wanawasha tochi na kushika njia.